Kiti cha Mama Roda

Kama uliishi Kakamega miaka ile miwa ilipokuwa miwa, unajua watu walivyofanya pesa zilipoingia. Huyu aliezeka nyumba upya, yule akaoa mke wa pili, mwingine akanunua redio ya kusikika hadi kwa jirani asiyeitaka. Phanuel Makhanu, fundi wa kuchomelea matrela ya miwa, alinunua banda la kuku.

Basi, kabla ya kuwa banda lilikuwa gari. Fiat 127, kigari cha milango miwili ubavuni na wa tatu nyuma, ule unaofunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Kilikuwa kimetupwa nyuma ya duka moja pale Shieywe, hakina magurudumu, na kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Phanuel alikipenda papo hapo, na mapenzi hayo hakuna aliyeyaelewa.

Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa chini yake. Alikata kutu, akaunga bati jipya, akaifungua injini yote na kuifunga tena. Akakipaka rangi ya chungwa, akakichora mistari miwili myeusi kutoka puani hadi mkiani kama magari ya mbio. Ndani akafunga kioo kirefu cha kutazama nyuma, kirefu hata dereva angeweza kuyaona masikio yake yote mawili. Mkewe Dinah alimcheka, lakini chai alimpelekea hukohuko chini ya gari.

Aliyemkosesha raha ni mama mkwe. Mama Roda aliishi upande wa Mumias katikati ya miwa yake, na tangu mwanzo alitaka Dinah aolewe na mwalimu. Kila Dinah alipotoka kwao, alirudi na swali lilelile.

"Mama anauliza, huyo mtu wako bado anachezanga na mabati?"

Phanuel alicheka, ila liliuma. Na angejiteteaje? Huku kwetu mwanamume na mama mkwe hawapeani mkono, hawali meza moja, hawakai karibu, hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, wewe mwanamume unajichomeka kwenye miwa mpaka apite. Ni heshima, na Phanuel aliishika sana. Lakini moyoni alitamani mama yule aseme neno moja zuri juu yake kabla hawajazeeka wote wawili.

Ikafika harusi ya Milcah, mdogo wake Dinah, iliyokuwa ifungwe kanisani Kakamega mjini. Asubuhi Phanuel alikiendesha kigari hadi kwa wakwe kupeleka kreti za soda, na pia, tuseme ukweli, kujionyesha. Hakupata watazamaji. Bibi harusi, Dinah na kwaya walikuwa wameshaondoka na lori. Mama Roda alibaki kufunga nyumba, amsubiri kaka yake, Osundwa, aje kumchukua na pikapu.

Osundwa alikuja kwa miguu, tope mpaka magotini. Mvua ya usiku na matrekta ya miwa yalikuwa yameigeuza barabara ya kutoka kwake kuwa uji, na pikapu ilikuwa imezama hadi kwenye ekseli.

"Dada, hakuna gari lingine," alisema, akitazama kigari cha chungwa. "Na mama wa bibi harusi asipofika, wale watu hawawezi kuanza."

Mama Roda alikuwa mlangoni na gauni lake la buluu. Phanuel alikuwa ameshageukia ukuta wa jikoni.

"Niingie katika hicho kikopo na mkwe wangu?" Mama Roda alimuuliza kaka yake. "Magoti yangu yamguse mgongo? Afadhali nitembee!"

Kisha Osundwa akamwona anafuta machozi kwa ncha ya leso. Huyu Milcah alikuwa kitinda mimba wake.

Phanuel aliyasikia yote akiwa ameukabili ukuta. Akaenda kwenye gari bila kuinua uso, akatoa spana, akalala ndani. Alikifungua kiti cha nyuma, akakigeuza kikaangalia barabara inayoachwa, akakifunga kwa boliti mbili na kamba ya kufungia miwa. Mlango wa nyuma akauinua juu, na kwa kuwa haukuwa na cha kuushikilia, akakata muwa mnene shambani akautegemeza.

"Mjomba," alimwambia Osundwa, "mwambie mama atanipa mgongo na mimi nitampa mgongo. Miguu yake itakuwa nje kabisa."

Mama Roda, aliyesikia kila neno, alingoja aambiwe. Alipoambiwa alikizunguka kiti, akakitikisa, akakalia. Osundwa akaingia mbele, akavua kofia yake na kukivika kile kioo kirefu.

Wakaondoka. Kwenye mlima wa kwanza magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka bure.

"Mjomba, mwambie mama uzito wote uko nyuma."

"Osundwa," sauti ikatoka nyuma, "mwambie uzito ni wewe! Inama mbele, mla ingokho mkubwa, unayemaliza kuku wa watu!"

Osundwa akainama, tumbo likabana kwenye dashibodi, kigari kikapanda. Phanuel alicheka mpaka akaogopa kwamba amekosa adabu, ndipo akasikia huko nyuma pia kuna mtu anacheka. Wakataji miwa waliacha mapanga kumtazama mama anayesafiri kinyumenyume, amekaa wima, akiwapungia mkono kama mke wa gavana.

Kanisani walikuwa wamesimama nje, nyuso zimejaa wasiwasi. Phanuel hakuingia kwa pua ya gari. Alirudi kinyumenyume, polepole, shingo ikiwa nje ya dirisha, hata umati wote ukamwona kwanza Mama Roda, kavu, safi, ameketi ndani ya mlango ulioinuliwa. Vigelegele vilivyopigwa sijui kama Milcah mwenyewe alivipata.

Mama Roda alishuka, akatengeneza leso. Phanuel alibaki kwenye usukani, macho mbele. Osundwa alikuwa ameshatoka, hakuna wa kutumwa. Akasikia kiganja kinapiga paa la gari, mara mbili, taratibu.

"Wewe gari," Mama Roda alisema, "aliyekutengeneza hachezi. Kesho utanirudisha nyumbani."

Phanuel alisubiri hatua zake ziingie kanisani, akaegemeza kichwa kwenye usukani, akalia kwa furaha mpaka Dinah akaja kumtoa.

Jumapili iliyofuata Dinah alimkuta ndani ya kigari na spana zake.

"Unakirudisha kiti mahali pake?"

"Kiti kiko mahali pake," Phanuel alisema. "Nipitishie hizo boliti mbili. Zile za juzi zilikuwa chache, na mama anapenda kwenda kasi."