Mzigo wa Mgongoni

Nawategea kitendawili kimoja kabla hatujafika mbali: kaingia nchini, hakutembea, hakupanda chombo, wala hakuna mlinzi aliyemuuliza jina. Msihangaike kunipa mji. Jibu ni mume wangu.

Mume wangu ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Soli. Amelizoea jina hilo hata nikimwita lake la kuzaliwa haitiki. Mpaka wa nchi aliuvuka akiwa kichanga, kafungwa kwa mbeleko mgongoni kwa mama yake, marehemu mama mkwe wangu, aliyekuja kuponda kokoto za reli. Enzi hizo sheria ya wageni ilikuwa neno moja tu: karibu. Reli ilitaka mikono, basi. Reli ilipokwisha, wakubwa wakatunga kodi ya kichwa, na hapo kila mwenye kichwa akawa mwenyeji, tena wakamtafuta mpaka uvunguni. Bendera ilipopanda tukaambiwa jukwaani kwamba wote tuliokutwa ndani ni ndugu. Tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Halafu kazi zikawa haba, ndugu wakaanza kuulizana babu zao walizikwa wapi.

Sasa imekuja sheria mpya, wenyewe wanaiita ya huruma. Inasema aliyeingia kwa miguu yake mwenyewe kabla ya bendera ni mkazi wa kudumu, asisumbuliwe. Waliokuja kwa magari ni wafanyabiashara, hao wana sheria yao. Asiye na kibali, mwisho wa mwezi aondoke. Soli aondoke aende wapi? Huko alikotoka mama yake hajui hata njia ya kisimani.

Tukaenda ofisini. Soli kapiga viatu vyake rangi mpaka unajiona meno. Dirishani alikaa kijana mwenye tai, mpole, wa umri wa wajukuu zetu.

"Shikamoo babu. Uliingia nchini kwa miguu yako mwenyewe?"

Nikamfinya Soli ubavuni. Lakini huyu mtu ukimfinya ndipo anaposema kweli zaidi.

"Marahaba. Hapana, baba. Niliingia mgongoni kwa mama."

Kijana akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo miguu iliyotembea ni ya mama."

"Yangu ilikuwepo. Ila ilikuwa inaning'inia."

"Kuning'inia siyo kuingia, babu."

Nikaona niingilie. "Mjukuu wangu, ulitaka mtoto wa kunyonya atembee porini?"

"Mimi sitaki kitu, bibi. Sheria ndiyo inayotaka."

"Haya, huyu hakutembea, hakupanda gari. Sheria yako inamwitaje?"

Akafungua kitabu, akalamba kidole, akafunua kurasa. Uso ukamng'aa kama mtu aliyeokota ufunguo wake. "Kinachobebwa mgongoni ni mzigo. Mizigo ni forodha, mlango wa kijani mwisho wa korido. Waniandikie kwamba mzigo wako ni halali. Bila hivyo, mwisho wa mwezi babu asafiri."

Soli wala hakubisha. Alichungulia chini ya meza, akamwambia, "Soli yako ya kushoto inaachia, baba. Usiitembelee kwenye mvua."

Koridoni akakaa kwenye benchi. "Mke wangu," akasema, "nikiondoka, nani atakusugua mgongo?"

"Nani kakwambia mgongo wangu unakungoja wewe?" nikamjibu. Lakini nilimshika mkono mpaka mlango wa kijani.

Forodha tulimkuta mama mnene, miwani puani, mzani mkubwa ubavuni mwake.

"Mzigo uko wapi?"

"Ndiye huyu," nikasema.

Akamkagua Soli toka kipara mpaka kisigino. "Una uhai?"

"Akishakunywa chai, ndiyo."

Hakucheka. Akampandisha mzani, akasogeza vyuma. "Mtu aliyeuingiza yuko wapi?"

"Mama yangu alishafariki," Soli akasema kule juu, mikono kaibana kama anapimwa suti.

"Ushuru wake ulilipwa?"

"Sidhani. Sikuwa na mfuko wakati huo."

Nilimwona anavyosogeza vyuma na kuandika, kusogeza na kuandika, mdomo unafanya kazi peke yake. Nikajua huyu kanuni zake amezikariri. Nikasogea karibu.

"Mwanangu, kitendawili."

"Tega," akajibu bila kuinua uso. Kalelewa vizuri.

"Mzigo umekaa bohari mpaka umeota mvi. Mwenyewe hayupo, ushuru haujalipwa. Ni wa nani?"

"Ah, hicho chepesi. Mzigo usio na mwenyewe ni mali ya serikali."

"Na mali ya serikali, mtu akiitoa nje ya nchi?"

"Huo ni wizi, bibi. Anafungwa."

"Basi kamwonye yule kijana wa dirishani. Anataka kuitoa hii mwisho wa mwezi."

Kalamu ikasimama. Akamtazama Soli, Soli naye akamtazama kutoka mzanini. Mama wa watu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akachukua muhuri, akagonga: mali ya serikali.

Hivyo ndivyo mume wangu alivyobaki. Mimi nimeandikwa mtunzaji wake. Kwa kuwa kila kiti cha serikali kina namba mgongoni, naye wakampiga namba kwa rangi nyeupe nyuma ya aproni ya kazi. Wateja wanadhani kapata zabuni. Aliuliza kama sasa atapiga kura, kijana akamjibu kwa heshima zote, "Kabati halipigi kura, babu." Kila mwaka atakuja mkaguzi. Wa kwanza ameshafika: kamgonga bega, kamtazama magoti, kaandika "imechakaa, inafanya kazi." Akaacha na viatu vishonwe.

Jioni hiyo nikamwambia Soli aoshe kikombe chake.

"Mali ya serikali," akasema huku kanyoosha miguu, "haitumiwi kwa shughuli za nyumbani."

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, nikamgeuzia mgongo.

"Huu ni wa mtunzaji," nikamwambia. "Sugua."

Akasugua.