Unakubali, hukubali, au hujui

...na jina la Saud amekwisha kulitaja, hilo ndilo linalomchoma Bimdogo, kalitaja mwenyewe kwa mdomo wake wakati wa kahawa, kwani mgeni huulizwa habari na mwenyeji naye huulizwa, hakuna habari ila kheri, kisha habari zote hutoka, mwanangu yuko ofisi ya serikali Izki, anangoja kupandishwa cheo, tende zilikuwa hazijafika nusu, ndipo mgeni wake, huyu Rawya, akatoa tableti mkobani, eti utafiti, nchi zote za Kiarabu zinaulizwa, nani anauliza? nani anasoma? Msichana mpole, ameamkia shikamoo vizuri, na Bimdogo watu wapole kama hawa anawaogopa zaidi... "Bibi, demokrasia ni nzuri kuliko serikali nyengine, unakubali au hukubali?" Jina hatuandiki, anasema, wallahi hatuandiki, na nyumba je, si ameiona, mlango wa kijani nyuma ya msikiti, mji wote wa Ibra unaujua, baba naye Unguja alikaa barazani akitamba kampigia kura nani, anacheka, anamimina kahawa, na Januari ile ya mapinduzi waliomjia hawakuuliza njia, walijua nyumba, Bimdogo, mtoto wa miaka kumi na miwili, yuko chini ya kitanda, anaona miguu tu... "Bibi?" Asijibu, Saud asije akaitwa, mama yako kasema nini, cheo kikapita pembeni, lakini akinyamaza si wataandika kanyamaza, na kunyamaza nako si jibu? "Basi Bibi, nitie *hajui*? Wazee wengi wanasema hivyo, mafi mushkila, hakuna tabu." Hajui. Hajui nani? Aliyemsikia baba akieleza kwa nini mtu apige kura, akakariri kila neno, akaja nalo mpaka huku Uarabuni, akalea watoto watano bila kumwambia hata mmoja, Saud hajui mama yake anataka nini, mwanawe wa kumzaa, anadhani mama hana analotaka, na nani kamkataza kumwambia, si serikali, si huyu mtoto, hakuna aliyemkataza, ameogopa tu, miaka yote kajilinda kwa kujifanya mjinga, na leo Rawya kamwamini. Kidole kinangoja juu ya kioo. Kahawa bado ya moto. Bimdogo anaona hasira, na hasira yenyewe si ya huyu mtoto, ni ya kujikasirikia mwenyewe.