Blanketi la Nkgono Madiehi

"Hivi kule kwenu mnamtunza nani, wazee au wafadhili?"

Disebo, jirani yake, alimwuliza Mapuleng swali hilo juu ya ukuta wa ua, mikono imejaa nguo za kuanika, na Mapuleng akacheka. Asubuhi hiyohiyo, kule Nyumba ya Phomolo alikokuwa akilea wazee, waliwaombea wafadhili kwa majina, mmoja baada ya mwingine, mpaka uji ukapoa. Wazee wenyewe waliombewa kwa mkupuo: "na hawa walio hapa, amina."

"Wewe Disebo una mdomo."

"Mdomo ninao, na macho pia. Juzi nimemwona mlinzi wenu anapigia saluti gari tupu."

"Alidhani kuna mgeni ndani."

"Si ndiyo nasema!"

Mambo hayo yalikuja na mkurugenzi mpya, mama aliyeitwa Mme Relebohile. Zamani Phomolo ilikuwa nyumba ya akina mama wa kanisa. Makaa yakiisha, mnabeba ndoo mnapita kwa majirani kuomba. Mme Relebohile alipofika aliwakusanya wote, mpishi, mfua nguo, dereva, mlinzi, akawaambia kwamba tangu siku hiyo kila mmoja wao ni mtu wa mfadhili. Ukipika, ni mfadhili anapika. Ukimgeuza mzee kitandani, ni mkono wa mfadhili unamgeuza. Picha za wafadhili zikabandikwa jikoni, juu ya jiko. Wazee wakafundishwa kutamka majina ya ng'ambo, na meno hawana.

Na makaa, kusema kweli, hayakuisha tena. Vitanda vipya vikaja. Mapuleng aliwaombea wale watu wa ukutani kwa moyo mweupe, maana baridi ya milima ya Qwaqwa aliijua, na ndiyo iliyomuua mumewe kwa kifua.

Kati ya wazee wote, aliyeshikamana naye ni Nkgono Madiehi, bibi wa kitanda cha dirishani. Wote wawili wajane, wote wa maombi ya Alhamisi ya akina mama wa kanisa. Chini ya kitanda bibi alikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku blanketi moja la sufu, zito, lenye michoro ya magunzi ya mahindi na mistari mirefu. Mumewe alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa mgodini Welkom, akamfunika nalo siku ya ndoa. Mgodi ukambakiza hukohuko chini. Hata mwili haukutoka. Blanketi ndilo kaburi lake, bibi alisema.

"Nikifa univiringishe humu, mwanangu. Umesikia? Siyo mashuka yao haya."

"Nimesikia, nkgono. Mbele ya Mungu."

Bibi akampa ufunguo. Mapuleng akauvaa shingoni kwa uzi, chini ya gauni la kazi.

Basi ikafika siku ya Bwana Osvald, yule mzee wa ng'ambo ambaye picha yake ilikaa katikati ya ukuta. Alikuja na mkewe, theluji imefunika milima yote. Kwa Basotho mgeni mkubwa huvishwa blanketi. Bila hivyo hajapokelewa. La kumvisha lilikuwa limeagizwa mjini Harrismith, na dereva Ntate Tladi alikwenda kulichukua tangu alfajiri, lakini barabara ilifungwa kwa barafu. Wageni wameshakaa ukumbini, wanakunywa chai. Mme Relebohile akaja chumba cha wazee anahema.

"Mme Mapuleng, lile blanketi la nkgono. Nipe ufunguo."

"Lile siyo la kuazimwa, mme."

"Nusu saa tu! Tunamvisha, tunapiga picha, Tladi akifika tunabadilisha. Nani atajua?"

"Mgeni akishavishwa kavishwa. Nani alishawahi kumvua mgeni?"

"Huyu mzungu anajua hayo? Nitamwambia lile jipya ndilo lake, hili la kujaribia." Akashusha sauti. "Sikiliza. Makaa ya mwaka mzima yamekaa kwenye kiti kile kule ukumbini. Unataka hawa wagande? Useme wewe basi, kwamba Mapuleng ndiye aliyekataa."

Mapuleng akatazama vitanda. Wazee walikuwa wamejikunyata, wengine wamelala midomo wazi. Nkgono Madiehi alikuwa macho, amesikia kila kitu.

"Litarudi?" bibi aliuliza.

"Litarudi, nkgono," Mme Relebohile alijibu haraka.

"Sikukuuliza wewe."

Mapuleng alimgeukia bibi. Kisha akasema, "Litarudi," kwa sababu alitaka iwe hivyo, akavuta uzi kichwani akatoa ufunguo.

Ukumbini waliimba, wakapiga vigelegele. Mme Relebohile akamfunika Bwana Osvald mabegani, na kwa haraka akalikosea: mistari ambayo husimama wima mwilini mwa mtu ikalala ubavu. Hakuna aliyesahihisha. Mzee yule akashika pindo, akalinusa, machozi yakamtoka. Akasema maneno marefu kwa lugha yake, na Mme Relebohile akatafsiri huku akipiga makofi:

"Anasema hajawahi kuheshimiwa hivi maishani! Anasema akifa azikwe nalo!"

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mlinzi alipiga saluti.

Mapuleng akapenya katikati ya watu mpaka mbele ya mgeni. Alikuwa hajawahi kusema na mfadhili isipokuwa "karibu" na "asante". Akakunja magoti kidogo, kwa adabu, akasema kwa Kisotho chake:

"Ntate, baba, utusamehe. Blanketi hilo ni sanda ya bibi aliyelala chumba kile. Mumewe alimpa. Lako linakuja, liko njiani. Tunaomba urudishe hili."

Bwana Osvald akamtazama Mme Relebohile. Mme Relebohile hakubabaika hata kidogo. Akatafsiri, sauti tamu, mkono kifuani. Mgeni akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamshika Mapuleng mikono yote miwili, akainama akambusu shavuni, akalivuta blanketi karibu zaidi na shingo. Mapuleng akajua hapohapo kwamba maneno yake hayakufika.

"Umemwambia nini?" aliuliza wageni walipokwenda kuoneshwa vitanda.

"Nimemwambia wazee wote wanamwombea. Si kweli?"

Jioni gari la wageni lilipotoka getini, gari la Tladi ndiyo kwanza linaingia, magurudumu yamefungwa minyororo. Mapuleng akalibeba lile jipya hadi kitandani, bado limo ndani ya nailoni. Nkgono Madiehi akanyoosha mkono, akagusa, nailoni ikalia. Akarudisha mkono.

"Alifurahi?"

"Alifurahi, nkgono."

"Alilivaa sawa?"

Mapuleng akatikisa kichwa. Angeweza kudanganya, lakini ameshadanganya mara moja siku hiyo, aliposema litarudi, na ukumbi mzima ukashangilia.

"Basi," alisema bibi. Akageukia ukuta. Tangu hapo hakulitaja tena, na Mapuleng alipojaribu kuomba msamaha aliitikia tu "ee, mwanangu", kama mtu anayemwitikia mpita njia. Maombi ya Alhamisi alifumba macho, lakini midomo haikuchezacheza.

Hakuumaliza msimu wa baridi. Alikufa asubuhi, uji mkononi mwa Mapuleng. Mapuleng alimfumba macho, akatoka mbio bila koti, akapita kwa Disebo bila kuitikia salamu, akaingia kwake, akavuta kabatini blanketi lake mwenyewe, lile alilofunikwa siku ya harusi yake. Halikuwa zuri. Nondo walishaonja pembe moja. Lakini lilikuwa limetoka kwa mume.

Aliporudi alikuta wamemaliza. Nkgono Madiehi alikuwa ameviringishwa katika lile jipya, limekunjwa vizuri, mistari wima, na Mme Relebohile amesimama miguuni pa kitanda na simu yake, anatafuta mwanga.

"Afadhali umekuja," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu kweli, hakuwa mtu wa jiwe. "Nataka Bwana Osvald aone hatukumtupa bibi wa watu. Kavikwa blanketi jipya kabisa. Simama hapo, kichwani. Useme maneno mawili tu, kwamba nkgono alikufa akimshukuru. Wewe anakukumbuka, alikubusu."

Wazee wa vitanda vingine walikuwa wanatazama. Mmoja, aliyezoea, simu ilipoinuliwa akaanza kutabasamu.

Mapuleng aliangalia ile simu, akaangalia uso wa bibi. Akafungua kamba za aproni, akaikunja, akaiweka juu ya sanduku la bati lililokuwa tupu.

"Mme Mapuleng? Tunarekodi."

Mapuleng akaliweka sawa blanketi lake kwapani, akapita mbele ya simu, akatoka.