Gauni la Mahojiano

Kipindi cha televisheni cha wake wa matajiri kilikuwa na kanuni moja ambayo watazamaji hawakuijua. Kila mwanamke aliyeshiriki alivaa gauni moja tu katika mahojiano yote ya msimu mzima. Alikalia kiti kilekile, akavaa hereni zilezile, akatengenezwa nywele kwa namna ileile. Kwa njia hiyo, maneno aliyoyasema mwanzoni mwa msimu yaliweza kupachikwa baada ya ugomvi wa mwisho wa msimu, na hakuna aliyetambua. Gauni la Bibi Marumaru lilikuwa la kijani, lenye mikono mirefu na zipu ndefu mgongoni.

Watazamaji walimpa jina hilo kwa sababu mumewe aliagiza marumaru za sakafu kutoka ng'ambo. Mahojiano yake yalifanyika nyumbani kwake, katika chumba cha vitabu, mbele ya rafu iliyopangwa kwa kufuata rangi za majalada. Siku mwongozaji wa kipindi alipotangaza kwamba mahojiano yamekwisha, Bibi Marumaru alifungua kabati, akatenga nguo asizozitaka, akamwita mtunza nyumba wake.

"Chukua, Bi Funguo," alisema, akimkabidhi gauni la kijani. "Hili limeshanichosha."

Bi Funguo alikuwa ameitunza nyumba ile kwa miaka kumi na tisa, na funguo zake zote zilikaa kiunoni mwake. Gauni lilimfikia wakati mzuri. Binti yake alikuwa anahitimu uuguzi, na wenzake walikuwa wamemchagua asome hotuba ya wahitimu. Chuo hakikuwa na majoho. Kila mhitimu alitakiwa kuja na vazi la heshima. Fundi cherehani alilipunguza gauni ubavuni, akakata kitambaa kilichozidi, akapandisha pindo. Binti alilijaribu mbele ya kioo, akageuka mara tatu, akanyamaza. Kwa msichana ambaye hakosi neno, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mahafali yalipangwa Jumamosi. Alhamisi, mambo yakaharibika.

Siku hiyo wanawake wa kipindi walikula chakula cha mchana pamoja. Miongoni mwao alikuwapo Bibi Petroli, mke wa mwenye vituo vya mafuta. Yeye na Bibi Marumaru hawakuiva chungu kimoja tangu wiki ya kwanza, alipoalikwa kwa Bibi Marumaru akapewa kiti karibu na mlango wa jikoni. Sasa, mbele ya wenzake wanane na kamera tatu, Bibi Petroli alijipangusa midomo kwa utaratibu, akasema kwamba mwenzao hutoa mbele za watu na kuchukua tena kimyakimya. Akatoa mfano. Shule moja ilipewa viti sitini, lori likafika pamoja na wapiga picha, na wiki iliyofuata lori lilelile likavirudisha kwake. Bibi Marumaru aliweka uma chini, akashukuru kwa chakula, akaondoka kabla ya matunda.

Alikuwa ameonyesha adabu, lakini kipindi hakikuishi kwa adabu. Mwongozaji alitaka jibu, na alilitaka kabla ya Jumapili, siku ya kurusha kipindi. Mahojiano mapya yakapangwa Ijumaa saa nne asubuhi.

Kuhusu viti, Bi Funguo hakuhitaji kusimuliwa. Vilikuwa stoo ya bustanini, vimefunikwa turubai.

Jioni ile Bibi Marumaru aliingia jikoni mwenyewe. Aliuliza afya ya binti. Aliuliza kama bomba bado linavuja. Kisha akaisifu sakafu. Bi Funguo alisubiri, maana mtu anayesifu sakafu ya jikoni kwake mwenyewe ana jambo.

"Lile gauni liko wapi?"

"Liko kwangu, Mama. Limeshapunguzwa. Binti analivaa keshokutwa."

"Nalihitaji kesho."

Bi Funguo aliuliza kama gauni lingine halingefaa. Bibi Marumaru akamweleza kanuni. Akitokea na vazi jingine, kila mtazamaji atajua kwamba ameitwa mahususi kuja kujitetea, na Bibi Petroli atamcheka hadi msimu ujao. Bi Funguo alisikiliza mpaka mwisho. Alielewa kwamba ili akanushe kuwa huchukua tena anachotoa, Bibi Marumaru alikuwa amekuja kuchukua tena alichotoa. Hakulisema. Miaka kumi na tisa ilikuwa imemfundisha maneno ya kutamka na maneno ya kumeza.

"Nitalileta," alisema. "Lakini Jumamosi saa mbili asubuhi liwe mwilini mwa binti yangu."

"Tutaona."

Katika nyumba ile, "tutaona" lilikuwa jina la heshima la "hapana".

Binti alipopata habari, hakulia, alidhihaki.

"Mama, yeye mwenyewe haliingii tena."

"Litaingia mbele."

"Na nyuma?"

"Nyuma hakuna kamera."

Kisha akauliza kwa sauti nyingine kama litarudi. Nguo pekee iliyobaki yenye heshima kidogo ilikuwa sare yake ya mafunzo, nayo ilikuwa na doa la dawa mfukoni ambalo sabuni zote zilikuwa zimeshindwa kulitoa. Bi Funguo alijibu kwamba atalirudisha gauni kwa mkono wake. Alilikunja, akalifunga kwenye karatasi, akalala akiliwaza.

Ijumaa asubuhi gauni lilikataa kufunga. Upana wa shubiri moja ulibaki wazi mgongoni. Bi Funguo na msimamizi wa mavazi waliziba pengo kwa kitambaa cheusi na pini, wakamwonya Bibi Marumaru asiegemee, asigeuke, asivute pumzi ndefu. Pindo lilikuwa fupi, lakini kamera ingeishia kiunoni. Alikaa wima kama mwalimu mkuu siku ya ukaguzi. Kwa mbele, hakuwa na kasoro.

Mwongozaji, kijana mwenye sauti ya upole, alimuuliza anamjibu nini Bibi Petroli.

"Sijawahi kumnyang'anya mtu kitu nilichompa," alisema Bibi Marumaru, akiitazama kamera. "Mimi nililelewa. Kitu nikishakitoa, hakinijui tena. Wengine sijui walilelewa na nani."

Mwongozaji aliridhika. Kijembe kile kingetosha kuubeba ugomvi hadi mwisho wa msimu. Akamwagiza msimamizi wa mavazi alihifadhi gauni kwenye stoo ya kampuni mpaka msimu uishe, wasije wakahangaika tena. Bibi Marumaru alisema ni sawa. Hakutazama pembeni, aliposimama Bi Funguo.

Bi Funguo akasogea mbele. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa bado inawaka. Mwongozaji alimwinulia mpiga picha kidole, ishara ya kuendelea. Msimu mzima alikuwa akingoja mtu wa ndani ya nyumba afungue kinywa.

"Una la kusema, mama yangu?" aliuliza.

Kila mtu chumbani alielewa. Sentensi moja kuhusu gauni, na nyingine kuhusu stoo ya bustanini, na Bibi Marumaru asingekuwa na uso wa kuonyesha mahali popote. Mwenyewe hakuweza kusimama wala kugeuka, kwa sababu ya pini.

"Ninalo," alisema Bi Funguo. "Ila zima kwanza hiyo mashine."

Mwongozaji alibembeleza. Alisema ni dakika moja tu, tena kwa heshima zote. Bi Funguo alikunja mikono, akakaa kimya mpaka taa ikazimika. Ndipo akasema kwamba mama anabadilisha nguo, kwa hiyo wote watoke. Walitoka, na msimamizi wa mavazi akawafuata.

"Ungeweza kusema," alisema Bibi Marumaru.

"Ningeweza."

"Kwa nini hukusema?"

"Binti yangu angesimama mbele za watu amevaa aibu yako. Mimi nataka gauni, Mama. Ulinipa."

Chumbani hapakuwa na shahidi. Bibi Marumaru alitazama kamera iliyozimwa, kana kwamba yeye ndiye aliyetakiwa kuiwasha. Viti hakuna aliyevigusia.

"Nifungue," alisema hatimaye.

Bi Funguo alichomoa pini moja baada ya nyingine. Bibi Marumaru alivua gauni, akabaki na shimizi. Kupitia mlango uliofungwa akampazia sauti mwongozaji kwamba gauni si lake tena wala si la kampuni, na kama atahitaji tena maneno yake, apige picha ya uso tu. Kisha akamgeukia Bi Funguo.

"Mwambie binti asipige picha nalo."

"Ni mahafali, Mama."

"Basi asizitume popote kabla ya Jumapili."

Bi Funguo aliahidi kumwambia. Kuhusu wahitimu wenzake themanini, kila mmoja na simu yake mkononi, hakuulizwa, naye hakusema. Alilikunja gauni kwa kufuata mikunjo ya jana, akauliza kama chakula cha mchana kiandaliwe saa saba kama kawaida, akaenda jikoni.