Kituo cha Reli ya Juu Mtaa wa Themanini na Nne

Miaka kumi na tisa Honora Tierney alishona nguo za watu dirishani, ghorofa ya pili, na miaka yote hiyo kituo cha reli ya juu, ile ipitayo kwenye nguzo juu ya barabara, kilikuwa puani mwake. Kilijengwa kabla mama yake hajazaliwa, enzi za injini za makaa, na kila kizazi kiliacha uchafu wake: masizi kwenye matofali, grisi iliyowadondokea wapita njia, makohozi yaliyotua kwenye kizingiti cha dirisha. Abiria walimchungulia akivaa. Mmoja aliwahi kumpungia kofia.

Kwa hiyo mwenye nyumba, Bwana Lindauer, alipoleta karatasi ya kudai kituo kibomolewe, Honora ndiye aliyeizungusha mlango kwa mlango.

"Tutaliona jua, jamani!"

Bi Szabo, mjane wa Kihungari wa ghorofa ya chini, alisita. "Mie treni hainisumbui, mwanangu. Ndiyo inayoniamsha."

Honora akamshikisha kalamu.

Kiangazi cha 1955 treni zikakoma. Wakaja mafundi na mitungi ya gesi, wakakikata kituo vipande vipande. Jua likaingia kweli, likaonyesha kuta zilivyo: rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Honora alikuwa bado anazisugua kuta hizo, barua zilipofika. Bwana Lindauer ameiuza nyumba, wapangaji wote watoke kabla ya Krismasi, pajengwe maghorofa ya wenye nazo.

Alishuka mbio na aproni yake chafu. Lindauer alikuwa barabarani, akiwasimamia wapagazi waliopakia garini vioo vya rangi vilivyong'olewa kwenye chumba cha abiria cha kituo.

"Vya sebuleni kwangu hivi," alisema akitabasamu. "Vizuri, eh?"

"Si ulisema kituo ni takataka?"

"Kilikuwa takataka, Bi Tierney. Hivi ni historia."

"Historia! Umenitumia kama tambara la chooni, mzee!"

"Nani alikulazimisha? Majina yote yale uliyakusanya wewe."

Kinyaa cha Honora kilikuwa kimemgeukia mwenyewe.

Bi Szabo alitokea mlangoni na barua yake. Kiingereza hakujua kukisoma. "Honora, wanasemaje?"

Akamsomea palepale, neno kwa neno. Bi Szabo alisikiliza hadi mwisho, akaikunja barua, akaingia ndani bila kumtazama. Hakumsemesha tena hadi siku waliyohama, kila mmoja na njia yake.