Gauni la Mtu Wangu

Mtihani wa mwisho wa ushonaji katika kituo chetu ulikuwa na sharti moja lililoninyima raha tangu nilipolisikia: kila mwanafunzi amshonee mtu wake nguo, na siku ya mtihani mtu huyo aje aivae mbele ya mkaguzi. Mtu wake! Walisema hivyo kana kwamba watu hugawiwa mlangoni pamoja na uzi na mkasi. Anayefaulu hupewa cherehani aondoke nayo, na mimi bila cherehani ile sikuwa na pa kushika.

Kituo kilikuwa cha vijana ambao wafadhili waliwaita wenye uhitaji. Jina hilo lilinikera, lakini mashine zao nilizipenda, kwa hiyo nilifunga mdomo. Mwalimu wetu tulimwita Bi Pasi kwa sababu hakuna mshono uliopita mikononi mwake bila kunyooshwa. Alinikalia kooni tangu siku ya kwanza. Alinifumulia kola nilizodhani zimekamilika, akaniita hata Jumamosi, na akawa ananimiminia nusu ya chai yake bila kuniuliza kama nina njaa.

Jirani yangu wa cherehani, binti mwenye maneno tuliyembatiza Spika, alikuwa na tatizo la aina nyingine. Shangazi zake walikuwa wakigombania kushonewa, karibu washikane mashati.

"Wewe unamshonea nani?" aliniuliza.

"Mama," nilisema, na jibu lenyewe likanishtua.

Mama yupo, mzima wa afya, upande wa pili wa mji, kwa mume mwingine na watoto wengine. Aliniacha kwa bibi kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Alisema anakwenda kutafuta maisha. Nadhani aliyapata, maana hakurudi. Bibi alipofariki nilibaki na sanduku lake na chumba cha kupanga, na jioni ninachokikuta mlangoni ni kufuli tu.

"Kampime mama yako," Bi Pasi aliniambia, akinivisha shingoni futi yake ya kupimia.

"Ana kazi nyingi, mwalimu."

"Sikukuuliza ratiba yake. Kampime. Nguo hushonewa mwili, haishonewi mawazo."

Nilikwenda. Nilifika hadi kona ya mtaa wao, nikaiona nyumba yenyewe. Kwenye kamba palikuwa na sare za shule, za wakubwa na wadogo, zimeanikwa vizuri, kila shati na kibanio chake. Nilisimama pale mpaka muuza vocha akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Ulikuwa wivu, siwezi kuuita jina jingine. Nikageuza.

Jioni ile nilifungua sanduku la bibi, nikatoa gauni ambalo mama aliliacha alipoondoka, la mikono mifupi, na zipu mgongoni. Nikalitandaza kitandani, nikalipima lenyewe, na mtindo nikauiga, hata kola.

Bi Pasi alivisoma vile vipimo, akanitazama juu ya miwani.

"Mama yako ni mwembamba hivi?"

"Ndiyo."

"Na ana watoto?"

"Wapo."

Nilijua ameshanishtukia. "Haya," akasema. "Kitambaa ni chako. Kata."

Nilishona gauni lile kwa roho yangu yote. Zipu niliitia, nikaifumua, nikaitia tena. Pindo nililishona kwa mkono, uzi usionekane. Sikuwa namshonea mama ili apendeze. Nilitaka alivae, ajitazame kwenye kioo, ajue alichokiacha. Kisha nilimpigia simu, nikamwambia siku na mahali kwa sauti ya karani.

"Nitajaribu, mwanangu," alisema.

Hilo *nitajaribu* nililijua tangu utotoni. Nilijiandaa asije, nikapanga mpaka uso nitakaouvaa.

Siku ya mtihani shangazi wa Spika walijaa benchi zima, wakicheka na kushikana mikono. Mimi nilikaa karibu na mlango. Jina langu lilikuwa limeshaitwa alipoingia mama mmoja mnene, anatweta, mkoba kwapani. Nilimpisha apite. Alipotabasamu ndipo nilipomjua.

"Umekua," alisema.

"Watu hukua," nilimjibu.

Nyuma ya pazia gauni lilikwama mabegani. Tulilishusha kwa shida, halafu zipu ikagoma, mgongo ukabaki wazi kabisa.

"Vuta tu, nitabana pumzi," alisema. Akaibana kweli, mpaka shingo ikamtutumka. "Nisamehe, mwanangu. Nimenenepa."

Aliniomba msamaha kwa unene. Kwa yale mengine hakusema kitu, na hasira ikanipanda. Kisha akaishika kola.

"Mbona kama lile langu?"

"Lilibaki kwa bibi."

Mkaguzi alipoita, nilitaka kumwambia asitoke, lakini alishatoka, kaushika mgongo kwa mkono mmoja, mbele ya wale shangazi wote.

"Mshono ni safi sana," alisema mkaguzi, akimzunguka. "Lakini nguo hii ameshonewa nani?"

Alinifelisha vipimo, na nilistahili.

Bi Pasi alisimama. "Mkaguzi, kanuni inaruhusu kurudia wiki ijayo. Mwenye mwili yupo hapa. Apimwe sasa hivi." Akanitupia futi. "Pima, nami ninaandika."

Mabega nilipima nikiwa nyuma yake, hapakuwa na shida. Kifua ndicho kazi. Lazima uzungushe mikono yako yote miwili, uipokee futi upande wa pili. Mama aliinua mikono juu. Nilimzunguka, nikaitafuta ncha ya futi mgongoni mwake bila kuipata, shavu langu kwenye bega lake. Alinukia sabuni ya kufulia. Ndipo akaishusha mikono yake, nayo ikatua juu yangu.

Nilikuwa nimejiandaa asije. Kwa hili sikuwa nimejiandaa hata chembe.

"Ngapi?" Bi Pasi aliuliza.

Niliendelea kuitafuta ncha ya futi. Aliingoja namba ile na kalamu yake, hakunihimiza, yeye ambaye alimhimiza kila mtu.

Mama hakukaa. Watoto walikuwa karibu kutoka shule, na ufunguo alikuwa nao yeye.

"Likiwa tayari utanipigia?" aliuliza akivaa viatu.

"Nitakupigia."

Nilimsindikiza hadi getini. Aligeuka akapunga, halafu akaanza kuharakisha.

Jioni nilifungua kufuli langu, nikalitoa gauni la mtihani kwenye mfuko. Nililivaa kwa kujaribu tu. Lilinikaa sawasawa, mabegani na kiunoni, kama nililopimiwa mwenyewe. Kumbe mama aliponiacha alikuwa na mwili huu huu nilio nao leo. Nilijigeuza mbele ya kioo, nikaivuta zipu mpaka mkono ulipoishia. Pale juu haikufika, na chumbani hapakuwa na mtu wa kumwomba anifungie. Nikakaa kitandani hivyo hivyo, mgongo wazi, nikaanza kulichora la pili, kwa vipimo vya leo.