Filamu ya Babu wa Mto

Alasiri hiyo Phikun angekuwa na wanaume sita wa kusema, wanawake watatu, mtoto mchanga mmoja na bata. Bata hakumsumbua, alikwisha kumsema katika vijiji mia. Wanaume nao hawakumsumbua, maana tangu usichana wake sauti yake ilikuwa nzito kama ya mzee, na ndiyo iliyompa kazi. Kilichomsumbua ni kurasa mbili tu, wa thelathini na moja na wa thelathini na mbili, pale wanawake wawili wanapoagana.

Sasa ilikuwa bado asubuhi, siku ya Jumamosi, katika jumba la zamani la sinema mjini Phichit. Alikuwa amekaa mbele ya meza ndogo yenye taa na kipaza sauti, miwani puani, amepiga mstari wa bluu chini ya maneno ya wanaume na mwekundu chini ya maneno ya wanawake, kama alivyofanya miaka hamsini na minane iliyopita. Enzi hizo filamu za huku zilipigwa bila sauti. Mkanda ulikuja kijijini bubu, na wasemaji walikaa kando ya mtambo wakawapa watu wa kwenye turubai sauti zao. Phikun alisema wanaume, na Lamai, mwenzake, alisema wanawake. Walizunguka na gari la kampuni ya dawa ya kikohozi. Filamu ikifika patamu, taa zinawashwa, dawa inauzwa, na chupa zisiponunulika hakuna anayejua kama bibi harusi ameolewa au amekufa.

"Shangazi, tuko tayari?" aliuliza Onuma kutoka nyuma.

"Nilikuwa tayari kabla mama yako hajazaliwa. Washa."

Onuma alikuwa binti wa Bangkok aliyekuja na mikebe minne ya filamu. Yeye mwenyewe alitengeneza filamu ndogondogo, za fedha za kuungaunga, kuhusu wanawake wanaopenda wanawake, na zilionyeshwa katika vyumba vya watu hamsini. Alikuwa na desturi ya kutafuta nyanya wa filamu zake katika filamu za zamani. *Uzi Mweupe* aliitafuta miaka minne, akaipata katika stoo ya hekalu moja, chini ya mifuko ya mchele, inanuka siki, kama mikanda inavyonuka ikioza. Aliisafisha mwaka mzima, picha kwa picha. Kisha akauliza nani bado yu hai kati ya walioisema, akaonyeshwa nyumba ya mbao kando ya kituo cha treni, ambamo wanaishi, watu walimwambia, wale dada wawili wa sinema.

Mji mzima uliwaita dada. Hawakupata kusema kwamba ni dada, wala hawakupata kukanusha.

Mtambo ukaguruma. Sanguan, aliyekuwa dereva na fundi wao zamani, na sasa ana meno matano, ndiye aliyeuendesha. Mwanga ukafika kwenye turubai, na Phikun akasahau kugeuza ukurasa.

Hakuwa amepata kuiona filamu hii. Aliisema mara mia mbili au zaidi, lakini aliisema kwenye shuka lililopigwa na upepo, kwa taa dhaifu, mkanda umekwaruzwa hadi watu wanaonekana kama wanatembea kwenye mvua. Sasa mvua imekatika. Aliona nyuzi kwenye kitanda cha mfumi, moja moja. Aliona jasho kwenye mdomo wa juu wa Kaeo, yule mfumaji mkubwa, na kovu dogo kidevuni mwa Bua, yule mdogo, kovu ambalo hakujua kama lipo.

"Shangazi? Mwenye kinu ameongea, hujamsemea."

"Mwache aongee. Endelea mpaka ukurasa wa thelathini na moja."

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Kaeo na Bua wanafuma pamoja katika nyumba moja. Karatasi ya maneno inasema ni binti wa mama mmoja. Bua anaozwa kwa mwenye kinu cha mpunga, na asubuhi ya kuondoka Kaeo anamfunga uzi mweupe kifundoni mwa mkono, kama inavyofanywa kumtakia mtu heri. Kaeo anasema: "Nenda salama, mdogo wangu, umtii mumeo." Bua anajibu: "Asante, dada. Nitakukumbuka kila mwaka mpya." Basi.

Phikun aliyasoma maneno hayo kwenye kipaza sauti, na kama zamani, hayakukaa. Alimaliza, na midomo ya Kaeo bado inaenda. Kosa hilo alilijua. Wasemaji wote walilijua, wakaliziba kwa kikohozi au kwikwi ya kilio. Walisema wachezaji wale walikuwa wavivu wa kukariri.

"Rudisha," alisema. "Rudisha tena. Sasa polepole, Sanguan, kama mtu anayevuka daraja bovu."

Sanguan akarudisha. Phikun akaweka karatasi chini. Akanyoosha kidole juu ya meza, akawa anagonga kila midomo ya Kaeo inapofungwa. Mara mbili. Pumziko. Mara moja. Pumziko refu. Mara tatu. Akagonga tena ili awe na hakika. Kisha bila kipaza sauti, kwa sauti ndogo ambayo Onuma aliisogelea ili aisikie, akasema maneno mengine kabisa, na kila gongo la kidole likaangukia mahali pake.

"Usiende. Nyumba hii ni yako. Na mimi ni wako, tangu siku ile ya mafuriko."

Onuma aliokota karatasi, akazipitia. "Hayo hayapo kwenye karatasi," alisema.

"Hayapo. Tuliyatunga mimi na Lamai."

Kwa kuwa alikuwa mtu wa kueleza jambo kwa utaratibu, alilieleza tangu mwanzo. Kulikuwa na mama mmoja karibu na Taphan Hin ambaye mtoto wake aliugua homa. Akamwekea nadhiri Babu wa Mto, mzimu mwenye madhabahu nyekundu ukingoni: mtoto akipona, nitakuletea filamu. Mtoto akapona. Basi wakaitwa. Turubai likaelekezwa madhabahuni, mama akawasha ubani, akaweka kuku wa kuchemsha, akaenda zake nyumbani, kwa sababu filamu ya nadhiri si ya watu. Hakuna hata kiti. Wasemaji wengine mbele ya mizimu walirukaruka kurasa ili wakalale. Phikun na Lamai hawakuruka, kwani mtazamaji aliyelipiwa ni mtazamaji. Walipofika ukurasa wa thelathini na moja, Lamai alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akamnong'oneza: "Mbele ya huyu babu mimi siwezi kudanganya. Wale si dada, Phi. Watazame." Ndipo wakawasema upya. Ilikuwa mara ya kwanza Phikun kusema kama mwanamke, kwa kuwa mahali hapo palihitaji wanawake wawili, naye ndiye Kaeo. Walikuwa bado hawajaambiana lolote wao kwa wao. Waliambiana hapo, kwa vinywa vya watu wengine.

"Tangu siku hiyo, kwenye nadhiri tulisema hivyo," alimaliza. "Kwa watu tulisoma karatasi. Kwa hiyo hakuna aliyesikia ila mizimu."

Kikohozi kikasikika kutoka kwenye mtambo.

"Na mimi," alisema Sanguan.

"Wewe ulikuwa umelala chini ya gari!"

"Nililala chini ya gari, ndiyo. Nani alikwambia nililala usingizi? Na wale mbu?" Akacheka kwa meno yake matano. "Dada Phikun, mapenzi ni kikohozi. Na nyinyi miaka yote mliuza dawa ya kikohozi, lakini chenu hakikupona."

Phikun alitaka kumrushia miwani, lakini Onuma alikuwa amemshika mkono.

"Shangazi, nisikilize. Mlitunga vipi? Mlianza na nini?"

"Na midomo. Msemaji huanza na midomo. Unatafuta neno linaloingia kinywani, kama mtu anayetafuta ufunguo."

"Na hapakuwa na sauti siku ile wachezaji walipopigwa picha. Mtu alisimama kando akawasomea maneno, wao wakarudia. Lakini hapa hawakurudia, Shangazi. Walijua hakuna atakayewasikia."

Phikun aligeuka akalitazama turubai, ambako picha ilikuwa imesimama: nyuso mbili, uzi, midomo ya Kaeo imeachana kidogo. Miaka hamsini na minane walijisifu chumbani kwamba wao ni watunzi. Kumbe hawakutunga. Walisoma tu midomo. Wanawake wawili ambao hakuwajua, ambao huenda wamekwisha kuwa majivu, waliambiana jambo mchana kweupe, mbele ya kamera na fundi wa taa na mtu wa kusoma maneno, na jambo hilo likasafiri kwenye mikebe, bubu, kijiji hadi kijiji, likitafuta mtu wa kulitamka.

"Utasema lipi saa tisa, filamu ikionyeshwa?" aliuliza Onuma. "Sikushurutishi. Watu watakuwa mia mbili. Wanakufahamu."

"Ndiyo shida yenyewe," alisema Phikun. "Wananifahamu."

Saa sita alikuwa nyumbani, anamlisha Lamai uji wa mchele wenye tangawizi. Kiharusi kilimchukua Lamai sauti miaka miwili iliyopita, sauti ile iliyokuwa ya mabinti wote wa mkoa, na tangu hapo hakutaka kutoka mlangoni. Chalor, jirani muuza vitumbua, alipitisha kichwa dirishani.

"Dada za sinema! Nimenunua tiketi tatu. Usituletee filamu ya kulia, macho yangu yana mtoto wa jicho."

"Ina bata," alisema Phikun.

"Basi nakuja."

Alipoondoka, Phikun aliweka kijiko chini. Akamweleza Lamai yote: kovu la Bua, kidole kilichogonga, Sanguan na mbu. Lamai alisikiliza macho yakiwa yamemtoka. "Tulisoma, Mai. Yalikuwa yao." Kisha akasema lililobaki. "Nikiyasema leo, Chalor atajua. Mwenye duka la mchele atajua. Watawa watajua. Sisi ni wazee, hakuna wa kutupiga. Lakini tumezoea kuitwa dada, na ni jina lililotulinda. Na si jina langu peke yangu. Nisome karatasi? Ukitaka nisome karatasi nitasoma, wala sitakulaumu."

Walikuwa na ishara zao: kubana mkono mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Lamai hakubana. Kisha akainua mkono wake mzima akaonyesha kabati, na alipoona haeleweki, akaonyesha tena, kwa hasira, hadi Phikun akafungua na kugusa nguo moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye sketi ya hariri ya zambarau, ya kwendea harusini, Lamai akatikisa kichwa juu na chini.

Ilichukua saa nzima kumvisha na kumpaka poda.

Jumba lilijaa. Lamai aliwekwa katika kiti cha magurudumu mstari wa mbele, kando ya meza yenye taa, na watu waliokuwa hawajamwona miaka miwili walikuja kumsalimu kwa viganja vilivyounganishwa. Filamu ikaanza. Phikun alisema bata na Chalor akacheka kuliko wote. Akasema mwenye kinu, mlevi, mtawa. Ukurasa wa thelathini ukapita. Akaugeuza wa thelathini na moja, kisha akazigeuza karatasi zote kifudifudi.

Uzi ukafungwa kifundoni. Kaeo akainua uso.

"Usiende," alisema Phikun, na hakutumia sauti ya msichana. Alitumia yake. "Nyumba hii ni yako. Na mimi ni wako, tangu siku ile ya mafuriko."

Kila neno liliingia kinywani mwa Kaeo kama mguu katika kiatu chake. Hakukuwa na kikohozi wala mfuko wa njugu. Huu haukuwa ule ukimya wa watu waliochukizwa, aliwahi kuusikia huo na aliujua. Mia mbili walikuwa wameacha kutafuna.

Sasa ikaja zamu ya Bua, na Phikun alikuwa na maneno ya Bua tayari. Aliyajua kama jina lake. Akavuta pumzi, akaona kwamba hawezi. Hayakuwa yake. Akaondoa mdomo kwenye kipaza sauti.

Bua akazungumza pale juu, uso wake mkubwa kama nyumba, hakuna sauti ila mlio wa mtambo. Midomo ikafungwa, ikafunguka. Na chini yake, kwenye mwanga uliorudi kutoka kwenye turubai, Phikun aliona midomo ya Lamai inaenda. Upande mmoja ulibaki nyuma kidogo, kama mtu mwenye mguu mbovu anayejitahidi kwenda sambamba na wenzake. Lakini haikukosea. Ilifungwa Bua alipofunga, ikasimama Bua aliposimama, na kwenye neno la mwisho, ambalo ni fupi, Lamai aligeuza macho kutoka kwenye filamu akalisema kwa Phikun.

Chalor, aliyekaa nyuma ya Lamai, aliliona. Alimtazama Lamai, akamtazama Phikun, akatazama turubai. Kisha polepole, kama anavyofanya mbele ya kitu kitakatifu, akaunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa.

Kwenye turubai mlango ulipigwa teke, mwenye kinu akaingia na kofia yake, akafungua kinywa akapiga kelele. Haikutoka sauti yoyote. Msemaji wake hakuwa akimtazama. Alipiga kelele tena, bubu, mikono juu, na katika jumba lote hakuna aliyecheka wala aliyemkumbuka.